Mgahawa Kwenye Waya Mweusi

Jana mchana niliota nimeitwa kwa jina langu kamili na mita ya kupimia umeme.

Niseme kwanza ilikuwaje nikalala. Tangu asubuhi nilikuwa mwaloni, pale boti zinapoegeshwa, hapa Ukerewe, nikihangaika na boti ya Mzee Mugeta. Pampu yake ya kutoa maji ilikuwa inanung'unika tu bila kuvuta, na boti yenyewe inavuja. Saa kumi ilitakiwa impeleke Nesi Eustela na deli lake, lile sanduku la baridi la kubebea chanjo, kisiwa cha pili, ambako kina mama walishaambiwa waje na watoto. Nilibadilisha fyuzi. Nilibadilisha swichi. Nilibadilisha waya mwekundu wote, kutoka kwenye betri mpaka kwenye pampu. Pampu ikaendelea kunung'unika.

Saa saba Mzee Mugeta akaja kuchungulia. "Fundi," akasema, "kama imekushinda sema mapema, tutafute kopo la kuchotea maji."

Nikala ugali, nikajilaza kwenye kivuli cha banda la boti, kichwa juu ya boya, ili nipumzishe macho dakika tano.

"Nyabise binti Mafuru," mita ikasema. "Simama. Tunaanza kwenye betri."

Mita yangu ni ya njano, inaingia mfukoni. Kwenye ndoto ilikuwa na ukubwa uleule, ila imevaa viatu vyeusi vilivyopigwa rangi, na nyaya zake mbili, mwekundu na mweusi, imezikunja nyuma kama mikono ya mwalimu wa zamu. Kioo chake kinasoma sifuri. Nikaiambia shikamoo. Kioo kikasoma kumi na mbili na nusu, nikaelewa kwamba imeitikia.

Hatukutembea kwenda kwenye betri. Betri ilikuwa imeshatuzunguka. Ni ukumbi wenye harufu ya tindikali, na kwenye mabenchi wameketi wanawake kumi na wawili waliovaa sare za kwaya. Mwishoni mwa benchi yupo wa kumi na tatu, lakini ni nusu tu, kuanzia kiunoni kwenda juu. Anafuma kitambaa.

"Ninyi ni nani?" nikauliza.

"Sisi ni volti," akasema yule wa nusu. "Kumi na mbili na nusu. Nusu ndiyo mimi. Usinikodolee macho, dada, ni kazi kama kazi nyingine."

Nikaigeukia mita. "Wametimia. Betri ni nzima."

"Wameketi," mita ikasema. "Aliyeketi hajulikani nguvu zake. Pima chini ya mzigo, kazi ikiendelea."

Hapo nikatwishwa godoro la sita kwa sita. Nikauliza ni la nini.

"Fundi hupima chini ya mzigo," mita ikasema. "Fundi ni wewe. Mzigo ni huo."

Maneno hayo nimewahi kuwaambia watu wengine mara nyingi, tena kwa ukali. Nikashika godoro kwa mikono miwili, volti wakainuka, wakambeba mwenzao wa nusu, tukaondoka.

Ukumbi sasa ni koridoo ndefu iliyopakwa rangi nyekundu na inanukia kitu kipya. Nikaitambua. Ndio ule waya niliouweka asubuhi. Katikati ya koridoo kuna kibanda cha kioo, na ndani yake mwanamume mwembamba sana anasoma gazeti.

"Mimi ni fyuzi," akasema. "Nimeajiriwa leo asubuhi. Kazi yangu ni kufa kabla ya wengine."

"Pole sana."

"Asante. Nife sasa hivi?"

Mita ikamtazama. "Leo hapana."

Akarudi kwenye gazeti lake, nikaona amevunjika moyo kidogo.

Pampu tukamkuta kwenye beseni. Ni mtu mnene, maji yamemfika kifuani, na ananung'unika kwa sauti ninayoijua vizuri. Volti wote kumi na wawili na nusu walikuwa wamefika mlangoni kwake. Nikamwambia, "Kaka, wageni wako hawa hapa, hakuna aliyepungua. Mbona hufanyi kazi?"

"Wamefika, sikatai," Pampu akasema. "Lakini watatokea wapi? Wakishaingia kwangu lazima wapate njia ya kurudi kwao. Foleni ya kurudi haisogei. Mtu anayewaza atafikaje nyumbani hafanyi kazi ya maana, fundi. Wewe mwenyewe ungefanya?"

Maji yalikuwa yamemfika shingoni sasa. Nikasikia aibu, kwa sababu njia ya kurudi sikuwa nimeigusa tangu asubuhi.

Tukapitia mlango wa nyuma. Njia ya kurudi ni barabara nyeusi yenye giza kidogo, na watu wamejipanga hadi upeo wa macho. Ninawapita na godoro langu nikiomba radhi. Mwanzo wa foleni kuna ubao umeandikwa kwa chaki, UBAO WA TATU KUTOKA NYUMA, na chini ya ubao kuna mgahawa. Mwenye mgahawa ni mama mmoja wa kijani. Khanga ya kijani, uso wa kijani, kucha za kijani. Mbele yake birika linatokota, ila sioni mkaa wala kuni. Mezani wameketi volti watatu, jasho linawatiririka.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Mimi ni Mama Kutu. Tua hilo godoro."

"Siruhusiwi. Mama, chai yako inachemka kwa moto gani?"

"Kwa joto lao. Kila anayepita hapa ananiachia joto kidogo."

"Na umekaa hapa tangu lini?"

"Tangu masika ya mwaka juzi. Hakuna aliyewahi kuja kuniuliza. Mafundi wote wanapenda barabara nyekundu."

Mita ikanyoosha mkono mmoja huku na mmoja kule, mgahawa ukawa katikati. Kioo kikasoma tatu nukta moja. "Volti tatu nukta moja wanakunywa chai hapa," ikasema. "Itabidi uhame, mama."

Mama Kutu hakukasirika. Akanimiminia kikombe. "Huwezi kumhamisha mtu kabla hujanywa chai yake," akasema, na kwa kweli ningeonekana sina adabu. Nikanywa. Ilikuwa ya moto kupita kiasi na ina ladha ya ufunguo.

"Nitahama," akasema. "Ila nisisuguliwe kwa kisu. Tumia msasa. Nina heshima zangu."

"Fundi." Mzee Mugeta alikuwa ananitikisa bega. "Saa tisa na robo."

Niliinuka, nikaenda moja kwa moja kwenye boti. Nikahesabu mbao za sakafu kutoka nyuma, nikaing'oa ya tatu. Chini yake waya mweusi ulikuwa umeungwa kwa kusokotwa tu na kufungwa kipande cha mfuko wa plastiki. Nikaufungua. Shaba yote ilikuwa ya kijani. Nikaweka ncha za mita huku na huku, nikamwambia mzee awashe pampu. Shaba ikapata joto. Tatu nukta moja.

"Umejuaje ni hapo?" akauliza.

"Kila kitu kingine nilishabadilisha," nikasema.

Nikachukua kisu. Nikakirudisha mfukoni, nikachukua msasa. Nikasugua mpaka shaba ikang'aa, nikaunga upya, nikafunga tepu, nikapaka grisi. Pampu ikanguruma na kumwagia Mzee Mugeta shati lote. Akalitazama shati, akasema asante.

Saa kumi kasoro Nesi Eustela akapakia deli lake. Aliniona nanyonya hewa kwa mdomo, akaniambia nitoe ulimi, akaumulika kwa tochi ya simu.

"Umeungua," akasema. "Tena muda si mrefu. Umekunywa nini cha moto?"

"Chai."

"Chai gani?" Mzee Mugeta akauliza toka kwenye usukani. "Huyu tangu asubuhi anakunywa maji ya dumu."

Nesi akaninusa mdomo, akazima tochi. "Kunywa maji mengi ya baridi," akasema, "na huko ulikoinywa usirudi." Kisha akapanda boti, wakaondoka.