Uwanja Usiofagiwa

Mzee Zablon wa Mkonze aliendesha malori miaka thelathini na moja, na kama kuna jambo lililomkera nyumbani kwake ni lile la ufagio. Mkewe, Ruthu, hakufagia uwanja msafiri akishatoka, mpaka asikie amefika. Ndivyo alivyolelewa kwao Mvumi.

Zamani haikuwa shida. Siku hizi binti yao Erica ni rubani huko kaskazini kabisa mwa Kanada, na kila baada ya siku moja anatoka Inuvik kwenda Sachs Harbour na abiria wachache, barua na vyakula. "Kilomita mia tano na ushee," Zablon huwaambia watu, hata wasiouliza. "Dodoma hadi Dar, na bado unaendelea. Mimi na lori langu ni kutwa nzima. Yeye? Saa moja na dakika arobaini na tano." Hapo hunyamaza kidogo, mwenzake apate nafasi ya kushangaa.

Jumamosi hiyo wageni walikuwa wanaleta posa ya Hana, mdogo wake Erica. Majani ya mwarobaini yalikuwa yametapakaa uwanjani, mavi ya mbuzi ndiyo usiseme. Saa kumi kamili jioni Erica akatuma ujumbe: naondoka, baba.

"Fagia, mama Erica. Wakwe watafika saa kumi na mbili na nusu."

"Mtoto anafika kumi na mbili kasorobo. Nitafagia."

"Na akichelewa? Utatuaibisha."

"Basi tuaibike."

Kasorobo ikafika, ikapita. Simu kimya. Zablon akajiambia ni upepo tu. Ikagonga kumi na mbili, ikawa na robo. Lori likikusumbua unaliweka pembeni, unakata matawi, unayatandaza barabarani, unasubiri msaada. Kule juu ya barafu, pembeni iko wapi? Mzee wa watu aliogopa, tena sana. Habari ya ufagio hakuitaja tena.

Karibu na nusu, simu ikaita.

"Shikamoo, baba. Nimerudi Inuvik. Ukungu umefunga uwanja wa kule, nikageuza nikiwa nimeshapita nusu ya safari."

"Marahaba. Mafuta yalitosha?"

"Ya kwenda, ya kurudi, na ya akiba. Si wewe uliyenifundisha? Usiwashe gari kabla hujajua utageuzia wapi."

Kweli alimfundisha, Erica akiwa na miaka sita, amempakata kwenye usukani. Yeye mwenyewe hakuwahi kulishika neno hilo. Aliwahi kukwama Kibaigwa siku tatu na mzigo wa alizeti. Mtoto amelishika. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

"Naenda tena kesho asubuhi, baba."

Nje gari la wageni likapiga honi. Hana akakurupuka na ufagio. Zablon akampokonya, akauegemeza ukutani.

"Baba, si dada amepiga?"

"Amepiga. Hajafika."

Ruthu alimtazama mumewe, akajifunga khanga yake vizuri. Zablon akatangulia getini, akiyakanyaga majani, kwenda kuwapokea wakwe na kuwaeleza kwa nini uwanja ni mchafu, kuanzia kilomita ya kwanza.