Upepo Kwenye Breki ya Nyuma

Fundi Anselmo alichomeka mpira wa dripu kwenye niplo ya breki ya nyuma, pale pa kutolea upepo, akatumbukiza ncha ya pili kwenye chupa ya soda yenye mafuta ya breki kidogo, kisha akamwambia Gwakisa akanyage. Mpira wa dripu ndio unaofaa kwa kazi hiyo kwa sababu unaonyesha kila kinachopita. Gwakisa, ambaye ni bwana shamba, alikuwa amekalia pikipiki yake kivulini, kwenye kibanda cha fundi nyuma ya soko la Nachingwea. Alikuwa ametoka Ruangwa alfajiri, polepole, akipunguza mwendo kwa gia njia nzima, na mgongo ulimuuma kana kwamba yeye ndiye aliyeibeba pikipiki.

Pikipiki yenyewe iliachwa na mradi wa Wazungu ulipofunga virago. Breki ya mbele haikuwepo. Vifaa vyake vilishahamishiwa kwenye pikipiki nyingine ya ofisi, na hakuna aliyeona haja ya kuvirudisha. Ilibaki ya nyuma, ya diski, nayo tangu mvua za El Nino ilikuwa laini. Ukiikanyaga inazama hadi chini. Ukiipampu harakaharaka inakaza kidogo, ukipumzika inazama tena. Fundi wa kule Ruangwa alibadilisha pedi, akabadilisha sili za masta silinda, akatafuta panapovuja asipaone. Akatoa upepo, breki ikashika, na baada ya safari moja tu ya vijijini ikarudi kuwa laini kama mkate uliolowa chai.

Wiki iliyopita, kwenye mteremko wa Nambilanje, ilizama moja kwa moja. Gwakisa alipita katikati ya ufuta uliosimamishwa ukauke, akaangusha matita yote, akaja kusimama karibu kabisa na Bi Mwanaheri, mwenye ufuta wake, aliyekuwa ameinama na hakumwona. Chini ya hapo kuna kisima, na kisimani hapakosi watu. Tangu siku hiyo Gwakisa hakupata usingizi wa maana. Aliogopa kuua mtu. Aliogopa zaidi kwamba angemuua akiwa njiani kwenda kumwambia jambo lisilo na maana yoyote.

"Kanyaga," Anselmo alisema. "Kanyaga tena. Shikilia hapohapo."

Akalegeza niplo kwa spana. Pedo ikazama, na kwenye mpira kikatokeza kiputo kikubwa, kikasafiri taratibu mpaka kwenye chupa, kikapanda juu na kupasuka. Kilipopasuka kilisema, kwa sauti ya Gwakisa ya kikazi, ile ya mikutanoni: "Salfa iko njiani, ndugu wananchi. Vuteni subira."

Anselmo akafunga niplo. "Achia," alisema. "Kanyaga tena."

Kiputo kilichofuata kilisema salfa ya kupuliza mikorosho imeshashushwa melini. Kingine kikasema gari ndilo lililoharibika. Kisha vikaja vidogovidogo, vimeongozana kama shanga, vikasema mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi. Anselmo aliongeza mafuta kwenye kikopo cha juu, kwa sababu kikikauka kinavuta upepo mwingine na kazi inaanza upya. Gwakisa alivitambua vyote. Alikumbuka hata mikutano vilikotoka, na nyuso za watu waliokuwa wamekaa mbele.

Alimuuliza fundi kama amewahi kukutana na tatizo hili. Anselmo alisema mara nyingi, hasa kwa pikipiki za watumishi. Kulikuwa na jamaa mmoja aliyekuwa akiahidi visima. Ya kwake ilisema mpaka magharibi, chupa ikajaa wakahamia kwenye ndoo. Za wauza samaki huwa na upepo wa kawaida tu.

Karibu na mwisho kilibaki kimoja kimejificha kwenye kona ya bomba. Anselmo aligonga bomba kwa mpini wa bisibisi mpaka kikasogea. Kilisema kwa sauti ya chini, ya nyumbani: "Mwakani tutahama, Aneth. Tutarudi kwetu." Aneth ni mke wa Gwakisa, na kwao ni Tukuyu, kwenye baridi na migomba. Anselmo akajifanya anatafuta kitambaa. Gwakisa aliona aibu, kisha akaona huzuni, kwa sababu mwaka ule aliousema ulishapita, na uliofuata pia.

Hatimaye mafuta yakatoka matupu, yasiyo na neno. Pedo ikakaza juu kabisa, ikagoma kushuka.

"Itakaa?" Gwakisa aliuliza.

"Itakaa kadiri utakavyokaa kimya," Anselmo alisema, akaanza kukunja mpira wake.

Wakati wa kurudi Gwakisa alifunga breki kwa kila mbuzi aliyemwona, na mahali pengine alifunga pasipo na mbuzi wala mtu, kwa raha tu ya kusimama. Nyumbani Aneth alimuuliza kama fundi amefaulu. Akajibu ndiyo, na jioni yote hakuthubutu kuongeza jingine.

Siku chache baadaye mkuu wake wa kazi alimwita. Mikorosho ilikuwa inachanua na ugonjwa wa unga ulishaonekana, kwa hiyo aende Nambilanje akawaambie wakulima salfa iko njiani. Gwakisa aliuliza kama kweli iko njiani. Mkuu alisema haijaagizwa bado, lakini hilo si la kuwaambia wakulima. Ndipo Gwakisa akamweleza habari za breki. Mkuu alimwelewa kabisa. Alisema hata gari lake lina shida hiyohiyo, na ndiyo sababu yeye huwa haendi vijijini.

Gwakisa alikwenda. Njia nzima alikuwa akijipanga, na mbele ya mkutano akasema kwamba salfa haipo, haiko njiani, haijaagizwa. Alisema ukweli huo kwa sauti ambayo hata mwenyewe hakuizoea. Watu waliinuka mmojammoja, wakakung'uta nguo zao, wakaondoka. Kwenye mikorosho iliyokuwa nyuma yao maua yalikuwa meupe kama yaliyomwagiwa sembe.

Alikuwa ameshapanda pikipiki yake, pale juu ya mteremko, Bi Mwanaheri alipomfikia. Gwakisa alimwamkia, mama akaitikia, akashika usukani wa pikipiki kwa mkono mmoja.

"Mwanangu Imrani kasikia ulivyosema," alisema. "Kaenda kunoa shoka. Anataka kukata mikorosho yote achome mkaa, aende zake Dar."

Gwakisa alisema pole, lakini aliyoyasema ni kweli.

"Kweli nimeisikia. Mikorosho ile kapanda baba yake, na kazikwa humohumo. Huyo anakuja. Mwambie salfa inakuja."

"Haiji, mama."

"Sijakwambia uilete. Nimekwambia useme."

Gwakisa alimweleza kuhusu breki. Mama alisema anajua. Ufuta ule ulioangushwa aliuinua yeye mwenyewe, tita kwa tita. Gwakisa alitazama chini ya mteremko, kisimani, ambako wanawake walikuwa wamepanga ndoo zao njiani. Alikasirika. Alimkasirikia mkuu wake, akamkasirikia huyu mama, akawakasirikia wale wasioagiza salfa ambao hakuwajua hata sura, na hasira yote hiyo haikumpa la kufanya. Imrani akatokeza na shoka begani, kijana mrefu asiye na haraka.

"Salfa iko njiani," Gwakisa alimwambia, kwa sauti ya kikazi. "Mwisho wa mwezi."

Imrani hakuamini, na hakuficha kwamba hakuamini. Lakini alishusha shoka chini, akaliegemea, akasema basi atangoja mwisho wa mwezi. Chini ya mguu wa Gwakisa pedo ilianza kushuka yenyewe, taratibu, kama mtu mzima anayekaa, mpaka ikafika chini kabisa.

Bi Mwanaheri aliuona mguu ukishuka. Alikaza kanga yake kiunoni, akatangulia kuteremka.

"Pisheni," aliwaambia wanawake wa kisimani. "Pisheni, bwana shamba anashuka."

Wakachukua ndoo zao wakasogea pembeni, wakiendelea na mazungumzo yao, kama walivyosogea mwaka jana alipokuja na ahadi hiyohiyo. Gwakisa aliweka gia ya kwanza, akashusha miguu yote miwili ardhini, akaanza kuteremka.