Aya ya Nyirasafari

Ngoga aliisoma barua yangu ya kwanza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Madamu Illuminée, unataka nini?"

Nilikasirika. Ukurasa mzima nilikuwa nimeandika kwamba ninayo heshima kubwa kuja mbele ya wema usio na kifani wa bwana mkurugenzi, namna ile ile masista walivyotufundisha kwa Kifaransa, nami nimeigeuza kwa Kiingereza kwa msaada wa kamusi. Miaka mingi nimefundisha Kifaransa hapa Gisenyi, na barua zangu zilisomwa kwa sauti shuleni ili wengine waige. Leo kijana aliyekulia Kampala, mwenye Kinyarwanda chenye mashimo mpaka inabidi tuongee Kiswahili, ananiuliza nataka nini.

"Nataka Uwera abaki kwangu."

"Basi andika hivyo, sentensi ya kwanza. Mzungu huyo hana muda wa salamu."

Uwera nilimpata mwaka wa tisini na sita, siku wakimbizi walipomiminika kutoka Goma. Alikaa kando ya barabara, mtoto wa miaka miwili hivi, halii wala hasemi. Jina nilimpa mimi. Miaka mitatu sasa ananiita mama, na sikujaliwa mwingine wa kuniita hivyo. Kisha shirika la watoto waliopotea likabandika picha yake kwenye ukuta wa ofisi ya komini, serikali yetu ya mtaa, na bibi mmoja wa Busasamana, Nyirasafari, akasema: huyu ni mtoto wa mwanangu. Mkurugenzi wa shirika, mgeni asiyejua lugha ila Kiingereza, akataka kila upande ulete maelezo yake, ataamua yeye. Nyirasafari hajui kuandika. Karani alimwandikia mistari miwili, kwamba anamtaka mjukuu wake, basi. Nilifurahi, na nani asingefurahi?

Ngoga alikuwa mkalimani katika ofisi nyingine mjini, na jioni alipita kwangu kunifundisha. Kazi yake kubwa ilikuwa kukata. Nikiandika kwamba nampenda mtoto huyu kuliko nafsi yangu, anakata.

"Hilo kila mtu ataandika. Asubuhi anakunywa nini? Alipougua, nani alimbeba?"

Basi nikaandika maziwa, viatu, shule, malaria, usiku nilioukesha kwenye benchi la hospitali. Sentensi zangu zikawa fupi kama kuni zilizopasuliwa vizuri. Nikaanza kuipenda lugha hii isiyojua kubembeleza, na nikaanza kuamini kwamba nitashinda.

Ndipo akaniambia niandike upande wa bibi.

"Kwenye midahalo yetu shuleni Kampala, tulikuwa tunaandika hoja za mpinzani mpaka yeye mwenyewe angeweza kuzitia sahihi. Halafu tunazijibu moja moja. Ukimdharau, msomaji atakuona wewe ndiye mwongo."

"Sizijui hoja zake."

"Nenda kamuulize."

Jumapili nikapanda Busasamana. Nilikwenda kutafuta uchafu, na niliupata: bati lililotoboka, moshi, mbuzi akilala ndani. Nyirasafari alikuwa akichagua mbegu za viazi. Alijua mimi ni nani. Akanipa kiti cha pekee kilichokuwapo, yeye akakaa kwenye mkeka, akaitazama kalamu yangu, akasema kwa Kiswahili cha Goma:

"Bon, kwa sababu umekuja na kalamu, andika na yangu, mi sijue kuandika. Andika: nilizaa batoto saba, leo hakuna hata moja iko. Ule mutoto, siku ya kumupa jina, mi njo nilipikia batoto ya jirani chakula, na jina mi njo nilitoa. Anaitwa Umutoni. We hukuijua ile jina, na haiko makosa yako. Baba yake alikuwa anacheka mbele ya kusema neno. Kama mi nakufa, nani atamuambia?"

"Mukecuru, bibi yangu, kwangu anasoma," nikasema. "Kwangu iko maziwa."

"Ni kweli. Andika na hiyo. Mi niko na viazi."

Nilimheshimu, na kwa sababu hiyo nikamchukia zaidi.

Nyumbani aya yake ilitoka mara moja, bila kamusi. Ngoga aliisoma mara mbili.

"Ni nzuri. Nzuri mno. Sasa jibu."

Wiki nzima nilijaribu. Shule? Hata Busasamana iko shule. Maziwa? Ng'ombe hununuliwa. Lakini jina, na kicheko cha baba, kwa hayo sikuwa na sentensi. Kwa Kifaransa ningezunguka pale mahali kwa maua mengi hata msomaji asipaone. Kiingereza cha Ngoga hakikuniachia ua hata moja. Nililia kwa hasira, mwanamke mzima, juu ya meza ya jikoni.

"Basi ikate," akasema Ngoga. "Bibi hasomi. Mkurugenzi hatajua."

"Aliniambia niandike."

"Madamu, utampoteza mtoto."

Nilijaribu kuinakili barua bila aya ile. Niliisoma, na ilikuwa uongo wenye sarufi safi. Nikaichana, nikapeleka ile nzima, pamoja na aya ya bibi. Wala si utakatifu. Nilitumaini mzungu ataona mtu mkweli namna hii hawezi kunyang'anywa mtoto. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hakuna aliyeniambia ya mkweli inafika wapi.

Jibu lilikuja ukurasa mmoja. Uamuzi ulikuwa kwenye sentensi ya kwanza. Sababu zake zilikuwa aya ile ya bibi niliyoiandika mimi, neno kwa neno, hata koma hakuigusa. Chini, kwa mkono wake, mkurugenzi ameongeza kwamba ni mara chache hupokea maelezo yaliyoandikwa wazi hivi, akanipongeza. Niliisoma mara moja tu, nikaelewa yote.

Uwera alikuwa mlangoni, ametoka shule, soksi moja imeshuka.

"Mama, inasema nini?"

"Inasema una bibi Busasamana. Anakusubiri."

Akafikiri.

"Na wewe utakuja kulala huko?"

"Hapana," nikamwambia.