Kitabu cha Kwanza cha Léocadie

Siku ya kwanza ya kalasi ya jioni ya wanawake wa Kasongo, mwaka wa 1953, mwalimu Zéphirin alichora kijiko ubaoni, akalitaja jina lake kwa Kifaransa, akawataka wanafunzi kumi na mmoja walirudie. Léocadie, aliyekaa benchi la mbele na binti yake Julienne amelala mgongoni, alilirudia vizuri, na kijiko kikatokea mezani mbele yake. Kilikuwa cha fedha, bado kina mchuzi.

Zéphirin aliandika kwenye kaye, daftari lake: matamshi, mazuri. Kisha akamgeukia Ernestine, muuza mawese, ambaye alikuwa amepata kichwa cha kijiko tu.

“Mama Ernestine, mukono wa kijiko iko wapi?”

“Umebaki mu meno, mwalimu. Nipe kesho.”

Wanawake walicheka, somo likaendelea. Utaratibu mpya ulitaka kila neno lifundishwe kwa kitu chenyewe, na vitu vilitii. Vilitoka katika nyumba za Wazungu, na kengele ya saa kumi na mbili ikilia vilirudi vilikotoka. Wapishi wa mtaa ule walizoea. Kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni hawakupakua chakula.

Vitenzi navyo vilikuwa na nguvu zao. Jioni waliyojifunza *ferme*, yaani funga, milango ya kalasi, ya ofisi na ya duka la Mgiriki ilijifunga kwa mpigo mmoja. Lakini sharti lilikuwa neno liwe la kitabu, na msemaji awe ameandikwa kwenye orodha ya kalasi. Maneno ya kuokota barabarani yalikuwa upepo tu.

Kitabu kile kilitungwa na Mzungu mmoja mtafiti, ambaye watu walimwita Bwana Sikio. Alikaa Kasongo miezi mitatu kwenye kiti chake cha kukunja, leo sokoni, kesho mbele ya ofisi, akisikiliza Wazungu wanavyosema na watu weusi na wanavyojibiwa. Kila aliposikia neno alilichorea mstari mmoja. Neno lililofikisha mistari kumi liliingia kitabuni. Maneno yalikuwa mia mbili na kumi na mawili: lete, beba, fua, maji moto, viatu, ndiyo bwana.

Léocadie alikuja kujifunza kwa sababu ya barua. Baba yake Julienne alikuwa Mzungu wa pamba, aliyerudi Ulaya kabla mtoto hajaota jino. Sasa Serikali ilitaka watoto wa damu mbili wasilelewe na mama zao, na barua ilisema kwamba Julienne, akitimiza miaka minne, atachukuliwa kwenye nyumba ya masista upande wa Kabambare. Miaka minne ingetimia wakati wa kuvuna mpunga. Léocadie alikisoma kitabu chote, ukurasa kwa ukurasa, huku anambembeleza mtoto, huku anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alikuwa na matumaini. Alitafuta neno moja tu, na hakuliona.

Alimwendea Bwana Sikio.

“Bwana, neno la kukataa iko ukurasa gani?”

“Haliko, mama.”

“Sababu gani?”

“Miezi mitatu nimeketi hapa. Sikumsikia mtu mweusi hata mmoja akimwambia Mzungu neno hilo. Mimi sibuni. Naandika ninachosikia.”

Léocadie alifikiri kidogo. Kisha akasema, “*Non*.”

Bwana Sikio alifungua kaye, akachora mstari mmoja. Alikuwa mtu mwaminifu katika kazi yake.

Habari ilifika kalasini jioni ileile. “Iko bado tisa,” Ernestine alisema, “na siye tuko kumi na mmoja. Mutoto wa Mama Julienne hatakwenda popote.” Kesho yake mke wa Mzungu wa posta alitaka mawese yake kwa nusu ya bei, na Ernestine, baada ya kuhakikisha kwamba kiti cha kukunja kiko karibu, akajibu *non, madame*. Mstari wa pili. Kwa adhabu alifagia uwanja wa ofisi siku mbili. Cécilia alikataa kubeba mchanga wa nyumba ya wageni, akalala gerezani siku tatu, akatoka na kikohozi na mstari wa tatu. Régina alikataa mara mbili kwa siku moja, kwanza kwa bwana, kisha kwa askari wa bwana, lakini Bwana Sikio alihesabu mara moja tu kwa sababu askari alikuwa mweusi.

Mpunga ulipoanza kuinama, mistari ilikuwa tisa.

Gari lilikuja siku ya Jumanne, saa kumi na moja na nusu, likasimama mbele ya kalasi. Walijua mahali pa kumpata. Alishuka ajenti wa Serikali, kijana wa Kizungu mwenye mafua, na askari wawili. Bwana Sikio alikuwepo, amekaa nyuma ya kalasi kuangalia somo.

Wanawake wote walisema *ferme* kwa sauti moja, na mlango ukajifunga. Walilisema vizuri mno, hata Ernestine. Ajenti, akiwa nje, akasema *ouvre*, yaani fungua. Lilikuwa neno la somo la sita, na yeye hakuhitaji orodha, alilinyonya kwa mama yake. Mlango ukafunguka.

Askari walimfungua Julienne mgongoni mwa mama yake. Fundo lilikuwa gumu, wakaomba samahani, wakakata kitambaa kwa kisu. Julienne hakulia. Alikuwa akimtazama mama yake kuona kama ni jambo la kulia.

“*Non*,” alisema Léocadie.

Neno lilitoka, likaelea kidogo juu ya meza kama moshi wa kaa linalozimika, likapotea. Ajenti alipenga kamasi. Bwana Sikio alichora mstari, akasimama, akavua kofia.

“Kumi,” alisema. “Asante sana, mama. Litaingia katika chapa ijayo.”

Liliingia kweli. Waliliweka katika kitabu cha pili, kinachofundishwa makarani wanaume.

Léocadie alikaa nyumbani wiki tatu bila kuwasha moto. Ernestine alimletea bukari, yaani ugali, haikuliwa, akairudisha, akaileta tena. Siku ya ishirini na mbili alikuja mikono mitupu.

“Mama Julienne, amuka. Tumefika somo la kumi na nne. Baada ya mbwa, kabla ya kikapu, iko neno la mutoto. Jana mimi nilisema, wangu wanne wakatokea kalasini na bukari mu mikono.”

“Wako wazima?”

“Mmoja alikosa kiatu. Lakini hakuwa na viatu toka zamani.”

Léocadie alirudi kalasini, lakini neno lile hakulisema. Alikumbuka kile kijiko kisicho na mkono. Miezi miwili alifanya mazoezi shambani, kokoto chini ya ulimi, akitamka vipande vipande ili neno lisikamilike kwa bahati mbaya. Siku aliyoona yuko tayari, aliosha uso, akakaa benchi la mbele, akaacha nafasi kando yake.

“*L’enfant*,” alisema.

Julienne akatokea kwenye benchi, mzima, amevaa gauni la kijivu lenye namba kifuani. Alinuka sabuni ya watu wengine. Zéphirin aliandika katika orodha ya vifaa: mtoto, mmoja. Kisha akawageuzia mgongo, akafuta ubao uliokuwa safi, akaufuta tena.

Walikuwa na dakika arobaini. Kengele ililia, na benchi likawa tupu.

Mara moja Léocadie alijaribu kutoka naye. Alimfunga mgongoni kwa kikwembe kipya, akashika njia ya kwenda Wamaza, akakimbia. Kengele ilimfikia penye mto. Kikwembe kilibaki kimefungwa, fundo halikulegea, kimeshika umbo la mtoto kwa hatua chache kabla ya kushuka.

Basi akawa anakuja kalasini kila jioni, masika na kiangazi. Mwisho wa mwaka kulikuwa na mtihani. Aliyefaulu alipewa karatasi yenye muhuri, na jina lake likafutwa kwenye orodha. Ernestine alifaulu. Cécilia alifaulu. Léocadie, aliyekijua kitabu kuliko mwalimu wake, alionyeshwa kiatu akasema ni samaki.

Alirudia mwaka. Akarudia tena. Na tena.

Mtihani wa mwaka wa 1957 uliangukia saa ya kalasi. Bwana Sikio alikuwa amerudi kutoka Ulaya kuona matunda ya utaratibu wake, akakaa mezani karibu na Zéphirin. Léocadie alikuwa amekwisha kulisema neno lake, na Julienne, ambaye sasa alikaribia miaka minane, alikaa kando yake ameweka mikono juu ya magoti kama walivyomfundisha. Kiswahili kilikuwa kimemtoka. Aliamkia kwa *bonjour, madame*, na Léocadie aliitikia.

Bwana Sikio aliinua kikombe. “Hiki ni nini?”

Léocadie alikitazama. “Farasi,” alijibu kwa Kifaransa safi, neno lisilokuwamo kitabuni.

Julienne alimvuta mkono, akamnong’oneza jibu sikioni, polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa.

“Tena, mama,” alisema Bwana Sikio. “Hiki ni nini?”

“Farasi.”

Mtoto aliona haya. Alisimama, akamwambia bwana kwa lugha yake, kwa adabu, amsamehe mama huyu, hajui.

Bwana Sikio aliandika sifuri. Chini yake akaandika kwamba mwanamke wa nchi hii, hata akifundishwa miaka minne, haendi mbele ya kitabu cha kwanza. Zéphirin alitia saini mahali alipoonyeshwa.

Léocadie alisogea kidogo kwenye benchi, akamrudisha mtoto akae, akaanza kumsuka nywele. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili.