Mbao za Mwanaheri

Siku ya kwanza ya mazoezi, Mwalimu Kristofa alimwambia Mwanaheri aguse ukuta ambao haukuwepo. Mwanaheri alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alikuwa ametoka Shume kujiunga na kikundi cha maigizo mjini Lushoto, na alidhani kuigiza ni kukariri maneno. Akanyoosha viganja hewani. Wenzake wakaguna.

"Ukuta wako unatembea," alisema Kristofa. "Mwili usogee, kiganja kibaki palepale. Na macho yaone kwanza, ndipo mkono ufuate."

Wiki tatu zikaishia kwenye ukuta. Aliufanyia mazoezi hata kwenye kibanda cha shangazi yake sokoni, alikomsaidia kuuza karoti, mpaka wateja wakauliza kama binti ni mzima. Ukuta ulipotulia, akafundishwa kuvuta kamba, kisha kupanda ngazi akiwa palepale sakafuni. Yote hayo aliyaweza. Kilichomshinda ni mzigo.

Kila mmoja aliambiwa abebe kitu kizito anachokijua. Mwanaheri akachagua mbao, kwa sababu baba yake, Mzee Mbaraka, alikuwa akipakia mbao kwenye malori tangu yeye hajazaliwa. Akainama, akainua, akatembea.

Kristofa akatikisa kichwa. "Huo ni ufito, si mbao."

Jumamosi Mwanaheri akapanda Shume.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wamekufukuza?" Mzee Mbaraka hakuipenda habari ya maigizo. Kusimama kimya mbele za watu, kwake, haikuwa kazi.

"Nimekuja kukuangalia ukipakia."

Mzee alidhani ni utani, lakini binti alikaa juu ya gogo tangu asubuhi hadi adhuhuri. Aliona mambo ambayo hakuwahi kuyaona miaka yote aliyoishi naye. Baba alipanua miguu kabla hajaigusa mbao. Aliitafuta katikati yake kwa kiganja. Pumzi aliitoa wakati wa kuinuka. Na alipoitua, bega lilibaki juu kidogo, kama vile bado halijaamini.

"Nipe moja nibebe," akasema.

Baba akampa ya msonobari, mbichi. Aliibeba mpaka kwenye lori, akarudi akabeba nyingine, kisha nyingine, wapakiaji wakimcheka. Kesho yake alishuka Lushoto shingo ikiwa haigeuki.

Mwezi uliofuata kikundi kilionyesha igizo uwanjani, jirani na soko, siku ya gulio. Mwanaheri alitoka peke yake, mikono mitupu. Akapanua miguu. Akaangalia chini kwa muda mrefu, na watu nao wakaangalia. Aliponyanyuka, mama mmoja alisikika akisema, "Pole!"

Mara ya pili aligeuka mbao ikiwa begani, taratibu, kama mtu anayejua kuwa nyuma yake kuna urefu wa kutosha kumgonga mtu. Mwanamume mmoja wa mstari wa mbele, mwenye kofia, akainamisha kichwa haraka ili isimpige. Aliposhtuka kuwa hakuna kitu, uwanja mzima ulilipuka kwa vicheko na makofi. Mwanaheri alitamani kucheka pia. Hakucheka, kwa maana mzigo bado alikuwa nao.

Baada ya onyesho alimkuta baba yake nyuma ya umati, unga wa mbao ukiwa bado kwenye koti. Alikuwa ameshuka na lori.

"Ile ya mwisho umeishika mbali na katikati," alisema Mzee Mbaraka. "Ingekuvunja bega."

"Nimeona, baba. Nilichelewa kurekebisha."

"Lakini zile za mwanzo..." Akatazama pembeni, akajikohoza. "Zile zilikuwa msonobari mbichi. Nimezijua." Kisha akamgeukia yule mwenye kofia, aliyekuwa akipita, ambaye hata hakuwa amemuuliza kitu. "Huyu ni wangu. Wa kumzaa."

Kristofa alisikia yote hayo. Wiki mbili baadaye alimwomba mzee aje awafundishe wanafunzi wapya kubeba. Alikuja amevaa kanzu ya Idi, akasimama mbele ya vijana wanane katikati ya ukumbi.

"Panueni miguu," akaamuru. "Bado msiiguse. Nimesema bado!"

Mwanaheri alikuwa amesimama mlangoni, kifua kimemjaa, akiwaambia waliokuwa wakichungulia kuwa mwalimu yule ni baba yake.