Jua Lilikuwa Limeshazama

Mume wangu Edgar ni mtu wa sheria mpaka anakera. Taa nyekundu, barabara tupu, hata mbuzi hayupo, yeye kasimama tu. Kila msimu wa uwindaji alikuwa anakata kibali, anatoka hapa Kinyerezi kwenda porini Rufiji na rafiki yake Mwishehe wa Mbagala, fundi wa kufuata nyayo. Na kila safari lazima amkumbushe: jua likizama, bunduki inafungwa. Mwishehe alikuwa anamcheka. "Shemeji," ananiambia, "huyu mumeo hata kufa ataomba kibali."

Safari hii Edgar alimpiga nyati jioni. Risasi ikampata vibaya, mnyama akakimbilia upande wa mashamba ya mpunga. Wakamfuata mpaka jua likazama. Kule mashambani kuna vibanda, na msimu wa mavuno wanawake wanalala humo na watoto wao kulinda mpunga. Mwishehe akasema twende tukammalize, nyati mwenye jeraha ataua mtu. Edgar akakataa. Saa za kuwinda zimekwisha, akasema, nikifyatua sasa hivi ni jela. Akatoa risasi, akafungia bunduki kwenye gari. Mwishehe akamtukana, kisha akaenda peke yake na tochi kuwatoa wale wanawake. Aliwatoa wote, salama. Wakati anarudi, nyati akamkuta njiani.

Walipokwisha kumzika Mwishehe, tulikwenda Mbagala kwenye matanga. Niliogopa, jamani. Nilijua mama yake Mwishehe, Bi Tunu, akimfukuza mume wangu, basi tena, huyu hatasimama. Tangu arudi alikuwa hali, halali, anarudia maneno yaleyale: "Ilikuwa sheria, Mama Hope. Ningefanyaje?"

Bi Tunu alikuwa amekaa jamvini sebuleni na wanawake wenzake. Edgar akapiga magoti mbele yake. "Shikamoo, mama." Akaanza kulia hapohapo.

Yule mama akamshika bega. "Marahaba, mwanangu. Usilie. Sheria ni ya serikali, wewe ungefanya nini? Mungu kapanga."

Nililia kwa sauti, sikuona haya. Mzigo wote ulinishuka.

Mara akapiga hodi afisa wanyamapori, yule aliyechukua maelezo ya Edgar kule Rufiji. Kijana mstaarabu, kaja kutoa pole. Kumwona Edgar analia, naye akataka kumliwaza.

"Braza, usiwe na hofu, hakuna kesi. Na hata ungempiga usiku ule, lisingekuwa kosa. Zile saa ni za kuwinda. Mnyama akitishia maisha ya watu, unapiga saa yoyote, halafu unatoa taarifa."

Ee Mungu wangu, si angenyamaza tu! Nani alimuuliza?

Bi Tunu akauliza polepole, "Kwa hiyo angeweza kupiga?"

"Angeweza, mama."

Edgar alikuwa anaangalia jamvi, mdomo wazi, na nikaona lile neno lake la kila siku limemwishia. Bi Tunu akauondoa mkono begani kwake, akauficha ndani ya khanga. Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, nayo hakuyafuta.

"Mama Hope," akaniambia, "mchukue mumeo, mwende. Nimeshamsamehe mie. Mwende kabla sijabadilika."