Kasoro ya Lyle Penner

Nilikuwa beki wa hoki ya barafuni mpaka goti langu la kulia lilipokataa, na goti lilipokataa nikawa skauti. Skauti hulipwa kutazama watoto wa watu na kusema nani atafika na nani ataishia njiani. Kwa miaka ishirini na mbili nilizunguka jimbo zima la Saskatchewan, Kanada, kwa gari, blanketi na fomu zimejaa kiti cha nyuma, nikikaa kwenye kumbi za barafu ambamo hata kahawa hupoa kabla hujainywa. Nimewakosea wengi. Wengine nimewasahau. Lyle Penner sijamsahau.

Nilimwona mara ya kwanza mjini Varley Creek, Oktoba ya mwaka 1997, na wala sikuwa nimemfuata yeye. Nilikwenda kumtazama mshambuliaji wa timu ya wageni, kijana ambaye kila mtu alimzungumzia, mabao kumi na manne na mwezi haujaisha. Kipindi cha pili kilikwisha hajapiga hata shuti moja la maana. Nikajiuliza, huyu anaumwa? Hakuwa anaumwa. Kila alipokuja kwa kasi na kile kisahani cheusi cha mpira kwenye gongo lake, alimkuta mbele yake beki mwembamba, namba ishirini na saba, anarudi kinyumenyume bila papara kama mtu anayempisha bibi mlangoni. Wakikaribia ukuta, gongo la beki linanyooka, kisahani kimeshachukuliwa, na mshambuliaji anaendelea na safari yake mikono mitupu.

Hakuna aliyeshangilia, maana hakukuwa na cha kushangilia. Nikaacha kumtazama mshambuliaji, nikaanza kuhesabu beki anageuza kichwa mara ngapi kabla ya kufuata kisahani kwenye kona. Mabeki wengi wa miaka kumi na saba hawageuzi kabisa. Wanakikimbilia kama kuku aliyeona punje, wanagongwa mgongoni, halafu wanamlaumu mwamuzi. Huyu aligeuza mara mbili, bega hili, bega lile, kila safari. Kufika kwenye kisahani, alikuwa ameshajua atampa nani.

Nyuma yangu jamaa mmoja alikuwa anapiga kelele, "Penner! Mguse mtu basi, japo kwa bahati mbaya!"

Mwenzake akadakia, "Mwache bwana, anaogopa kuchafua jezi, mama yake ndiye anayefua!"

Mwanamke aliyekaa mstari wa mbele yangu akageuka na koti lake la dereva wa basi la shule. "Ndiyo, nafua mimi. Ya kwako anafua nani, Dennis, mbona inanuka mpaka huku?"

Ndivyo nilivyomjua Hilda Penner, mjane mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na Lyle mwanawe wa pekee.

Fomu ya klabu iliyoniajiri ilikuwa na visanduku, alama moja mpaka nane. Kwenye akili nilimpa nane. Nilikuwa sijawahi kumpa mtu nane. Nilikaa garini nikaifuta, nikaiandika tena. Kuteleza kinyumenyume, saba. Pasi ya kwanza, saba. Ukali, tatu, kwa kuwa hakuwa nao na hakuuhitaji.

Mkuu wangu alikuwa Raymond Cadieux, mtu wa Quebec aliyeamini kwamba beki asiyetisha ni pambo. Alinipigia simu siku aliyoipata ile fomu.

"Roman, hii tatu ya ukali umeandika kwa mkono wako au paka kakanyaga karatasi?"

"Kwa mkono wangu. Mtazame kwanza, Ray. Huyu haguswi wala hagusi, na bao halifungwi."

"Mimi nimekwambia niletee beki, wewe unaniletea karani wa posta. Wenzetu wana majitu. Nani atamwogopa huyo?" Kisha akashusha sauti, kama anayenipa zawadi. "Kama anaweza kubadilika, nitamweka kwenye orodha ya uteuzi wa Juni. Mwambie."

Ningeweza kubisha. Msimu uliopita nilibishana naye kuhusu vijana wawili, wote wawili wakaniangusha, na mwaka ule mkataba wangu ulikuwa unakwisha. Sikubisha.

Desemba nikarudi Varley Creek. Baada ya mechi nikawakuta mama na mwana kwenye kantini ya ukumbi, wanakula sahani moja ya chipsi zilizomwagiwa mchuzi. Lyle alisimama kunipa mkono, nywele mbichi, masikio mekundu. Hakuwa na maneno mengi.

"Mzee, nina swali moja tu," alisema. "Kasoro yangu ni nini?"

Naweza kuapa kwamba jibu la kweli lilikuwa mdomoni. Huna kasoro, mwanangu, ila sisi ndio hatujui kutazama. Badala yake nikasema, "Watu hawakuogopi."

Hilda akaweka uma chini. "Na kwa nini wamwogope? Kawakosea nini?"

"Ndivyo hoki ya juu ilivyo, mama."

"Wewe ulikuwa unaogopwa?"

Nikacheka. Lyle hakucheka. Alinitazama kama mwanafunzi anayemtazama mwalimu ubaoni. "Nimeelewa," akasema. "Asante kwa kuniambia. Wengine wote hunisifia tu."

Januari akaanza kugonga watu kwa bega, jambo ambalo hoki huliruhusu.

Mara ya kwanza nilipoiona nilidhani wamebadilishana jezi. Aliacha nafasi yake katikati ya uwanja, akavuka, akambamiza mtu ukutani mpaka kioo kinachozunguka uwanja kikalia. Ukumbi ukalipuka. Yule Dennis alisimama juu ya benchi. "Huyo ndiye Penner sasa! Mama, leo jezi utaifua mara mbili!" Hilda hakugeuka.

Watu waliona radi, mimi niliona shimo lililobaki nyuma yake, ambalo mshambuliaji mwingine alipita na kufunga. Niliona pia kwamba kichwa hakigeuki tena mara mbili. Mara nyingine hakikugeuka hata mara moja, kwa kuwa macho yalikuwa yanamtafuta wa kumgonga. Cadieux alikuwa amekaa karibu nami siku ile, amekuja kwa ndege. Alinipiga begani. "Umeona? Kumbe ukali alikuwa nao ndani." Usiku wa mechi ile nikaandika ukali sita, na chini yake, kwenye mstari wa maelezo, nikaandika kwa mwandiko mzuri: Anaendelea vizuri sana.

Februari alikutana na mtu mzito kuliko yeye. Waligongana kwenye kona, wote wawili wakaanguka. Yule mwingine aliinuka anacheka. Lyle aliinuka polepole, akateleza mpaka upande wa pili, akakaa kwenye benchi la wageni. Wageni wakampa maji. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, wakamwimbia, na yeye akatabasamu kama mtu aliyesikia mzaha kwa lugha asiyoijua.

Mimi nilijua ni nini: ubongo ulikuwa umetikisika. Nilicheza miaka tisa. Nimewaona wanaume wakisahau majina ya wake zao. Mtu wa huduma ya kwanza alimwonyesha vidole, akavihesabu, na kipindi cha tatu akarudi uwanjani. Nilikuwa hatua thelathini kutoka kwenye benchi lao. Sikuinuka. Kwenye fomu sikuandika lolote kuhusu benchi la wageni.

Wiki tatu baadaye aligongwa tena. Jumapili yake asubuhi simu ikalia nyumbani kwangu.

"Bwana Danyluk, ni Hilda Penner. Nakupigia wewe kwa kuwa si wa timu yake. Kocha nikimwambia atamtoa, na Lyle ataninunia mpaka kaburini. Mtoto anatapika. Anataka mapazia yafungwe mchana. Nikiwasha mashine ya kufua analia. Huyu Lyle wangu, analia! Hiyo ni kawaida yenu?"

"Si kawaida, mama. Mpeleke hospitali sasa hivi. Na asikanyage barafu mpaka daktari aseme."

"Nitampeleka. Lakini hutamwambia mtu? Ameniapisha. Anasema wakijua hawatamchukua."

"Sitamwambia mtu."

Nilimaanisha nilipokuwa nasema. Jumatatu nilifungua fomu yake, nikaikodolea macho mpaka chakula cha mchana. Tungemchagua akaanguka mwaka wa kwanza, Cadieux angeuliza nani alijua. Nikaandika: Kichwa kimeumia mara mbili. Hatari. Nashauri tumwache. Nikatia sahihi, nikaituma.

Juni ulifika uteuzi, siku ambayo klabu zote hukaa kwenye ukumbi mmoja na kuita majina ya vijana kwa zamu. Nilikaa nyuma ya Cadieux. Tulichukua beki jitu kutoka Alberta, ambaye miaka miwili baadaye alikuwa anauza magari. Jina la Lyle halikuitwa nasi, wala halikuitwa na yeyote. Hilo la pili lilinishangaza mpaka Cadieux aliponiambia, anatafuna, kwamba siku iliyotangulia alikula na wenzake wawili na "yule wa kwako mwenye kichwa cha yai" akatajwa. Habari kama hiyo haihitaji miguu.

Jioni Lyle alinipigia. Sauti yake ilikuwa tulivu. Nadhani Hilda alikuwa amesimama karibu.

"Mzee, pole kukusumbua. Nilitaka kujua tu bado nimepungukiwa na nini."

Hapo nilikuwa na nafasi nyingine. Sijui Mungu humpa mtu ngapi. Nikamwambia, "Una mwaka mmoja zaidi. Jitahidi."

Akajitahidi. Novemba, kwenye mji mwingine, aliingia konani bila kugeuza kichwa, akagongwa kwa nyuma. Waliomwona walisema hakujikinga hata kidogo. Alikaa hospitali ya Saskatoon siku arobaini, na alipotoka hakuwa tena mchezaji wa kitu chochote.

Nilituma kadi. Kwenda sikwenda, si mwaka ule wala miaka sita iliyofuata. Nilipokuwa na mechi Varley Creek nilimtuma mwenzangu.

Masika ya mwaka 2005 ndipo nilipogeuza gari kwenye njia ya shamba la akina Penner. Theluji ilikuwa imebaki kwenye mitaro tu. Hilda alifungua mlango, akanitazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, kisha akasogea nipite. Lyle alikuwa mezani jikoni, amevaa miwani myeusi ndani ya nyumba, anapanga mbegu za bustani kwenye vikopo. Alikuwa amenenepa. Alifikiri kidogo kabla ya kunitambua, halafu uso wake ukachangamka, na kuchangamka kule ndiko kulikoniumiza.

"Mama, ni Bwana Danyluk! Kaa, mzee, kaa." Alizungumza taratibu, akiacha nafasi kati ya maneno. "Huwa nawaambia watu habari zako. Wote walikuwa wananipaka mafuta. Huyu peke yake aliniambia ukweli. Nilikuwa laini. Nilijaribu kujirekebisha, lakini nilikuwa nimechelewa. Mtu akizaliwa laini ni laini."

Hilda alikuwa amesimama kwenye sinki, ametupa mgongo. Mgongo ule ulikuwa unasikiliza.

Nilikuwa nimekuja kuomba radhi, na njiani nilikuwa nimejipangia maneno ya kunifaa mimi mwenyewe. Yalipotea yote. Nikasema, "Lyle, nilikudanganya. Hukuwa na kasoro. Tangu siku ya kwanza nilijua wewe ni beki bora kuliko wote niliowahi kuwaona wa umri wako. Mkuu wangu alitaka mtu wa kutisha, nami nikakwambia alilotaka yeye. Na mama yako aliponipigia simu, mimi ndiye niliyeandika habari za kichwa chako."

Aliendelea kupanga mbegu. Nikadhani hakusikia. Kisha kikopo kikamponyoka na mbegu zikamwagika mezani.

"Sema tena."

Nikasema tena.

"Kwa hiyo nilikuwa mzuri," alisema. "Vile nilivyokuwa."

"Ndiyo."

"Usiniambie hivyo." Alivua miwani, macho yakajikunja kwa mwanga wa dirishani. "Miaka saba nimejiambia sikufaa. Nimeshalizoea, nalala nalo. Sasa unakuja nyumbani kwangu kuniambia nilifaa? Nifanye nalo nini hilo, mzee? Nilipeleke wapi?"

Alipiga meza kwa kiganja, kisha akashika kichwa kwa mikono miwili kwa sababu ile sauti ilimwumiza. Hilda akaja, akafunga pazia, akamfunika macho kwa kitambaa kibichi kama mtu aliyefanya hivyo mara elfu.

"Toka," aliniambia bila kugeuka.

Alinifuata mpaka kwenye gari hata hivyo. Upepo ulikuwa mkali na hakuwa amevaa koti. Nilitegemea anitukane, ningemshukuru.

"Nilijua ni wewe," alisema. "Nilikwambia wewe tu. Miaka yote hii nimemficha hilo, kwa sababu alihitaji kumwamini mtu mmoja wa mchezo ule. Nikamwachia wewe. Leo umekuja kumnyang'anya hata huyo."

"Nilidhani anastahili kujua."

"Alistahili kujua akiwa na miaka kumi na saba."

Akarudi ndani. Niliendesha kilomita kama mbili, nikasimama pembeni, nikakaa na injini inawaka.

Sikuacha kazi mwaka ule. Nilifanya kazi misimu mitatu zaidi, nikapata kiinua mgongo na chakula cha jioni cha kuniaga, ambako Cadieux alisimama na kusema nilikuwa na jicho lisilokosea. Watu wakapiga makofi. Nikainuka, nikashukuru, nikaketi, nikala.